Kazi ya Mwalimu Hupimwa Namna Gani?

Katika kila kijiji chenye shule watu humhukumu mwalimu. Mmoja husema, "Huyu ndiye mwalimu wa kweli, sauti yake husikika hata kisimani." Mwingine husema, "Yule ni mwema, watoto wake wanyamaza kama maji ya mtungini." Wa tatu hasikilizi sauti wala kimya. Yeye hungoja mwisho wa mwaka. Majina ya waliofaulu yakisomwa huyahesabu kwa vidole, kisha hutoa hukumu yake. Lakini ni nani kati yao aliyeona kama watoto wamejifunza kitu? Aliyesikia sauti amesikia sauti tu. Anayesifu kimya hajui kama watoto wanafikiri au wanasinzia. Hata mwenye kuhesabu majina hajui watoto wale walijua nini siku walipoingia darasani mara ya kwanza.

Somo letu la leo lahusu kipimo cha kazi ya mwalimu. Si jambo dogo. Mwalimu akipimwa vibaya, mwenye bidii huvunjika moyo na mvivu husifiwa. Nao watoto, ambao hakuna aliyewauliza neno, ndio wapatao hasara. Nchi zenye mali nyingi zimejaribu kipimo hiki na kile, zikakosea, zikajaribu tena. Yafaa tujue zilikosea wapi.

Kwanza tazameni mfano wa shamba. Watu wawili wamepewa mashamba ya mihogo. Wa kwanza amepewa udongo mweusi ulio karibu na mto. Wa pili amepewa kilima chenye mawe. Mwisho wa mwaka wa kwanza analeta vikapu 42, na wa pili analeta 25. Mjinga atasema kwamba wa kwanza ni mkulima bora. Mwenye akili atauliza: mwaka uliopita mashamba haya yalitoa vikapu vingapi? Akiambiwa kwamba lile la mtoni lilitoa 40, na lile la kilimani lilitoa 6, atanyamaza kidogo, kisha atamtazama mkulima wa kilimani kwa macho mengine.

Uingereza: fedha kwa kila kichwa

Mwaka 1862 serikali ya Uingereza ilitoa amri mpya juu ya shule. Wakati ule serikali ilizisaidia kwa fedha shule nyingi zilizokuwa mikononi mwa makanisa, na wakubwa walinung'unika kwamba gharama inazidi na faida haionekani. Bwana Robert Lowe, aliyesimamia mambo ya elimu serikalini, alileta shauri lililoonekana kuwa la haki kabisa: shule ilipwe kwa kadiri ya matunda yake. Mkaguzi angefika kila mwaka, angemwita mtoto mmoja mmoja, angemjaribu katika kusoma, kuandika na kuhesabu. Mtoto aliyehudhuria siku za kutosha, akishinda katika yote matatu, aliiletea shule yake shilingi 8. Kwa kila somo aliloshindwa zilikatwa shilingi 2 na peni 8. Zaidi ya hizo zilikuwapo shilingi 4 kwa ajili ya mahudhurio.

Nani angekataa shauri hilo? Mfanyaji kazi apewe ujira kwa kazi iliyoonekana. Lakini mshahara wa mwalimu mara nyingi ulitegemea fedha hizo, na mtu mwenye watoto nyumbani hawezi kusahau mshahara wake anaposhika chaki. Basi walimu wakaanza kufundisha kile kilicholipiwa tu. Masomo ya nchi na ya mambo ya kale yalisukumwa pembeni, kwa maana hayakuleta peni hata moja. Kitabu cha kusomea kilirudiwa mwaka mzima, hata watoto wakakishika chote kichwani. Siku ya mkaguzi mtoto alikifungua, akakitazama, akatamka maneno yote bila kosa, na mkaguzi akaandika kwamba amefaulu. Kumbe hakuwa akisoma, alikuwa akikariri. Tena watoto wagonjwa waliletwa shuleni siku hiyo, kwa kuwa aliyekosekana hakulipiwa.

Miongoni mwa wakaguzi alikuwamo Matthew Arnold, mshairi mwenye sifa, aliyeifanya kazi hiyo ya kukagua shule tangu mwaka 1851 hata mwaka 1886. Yeye aliyaona mambo hayo kwa macho yake, wala hakunyamaza. Katika taarifa zake aliwaeleza wakubwa kwamba mtoto aweza kushinda jaribio la kusoma naye hajui kusoma, na kushinda jaribio la hesabu naye hajui hesabu. Aliona tena kwamba uhai wa darasa umepungua kuliko zamani. Hata hivyo amri ile iliendelea karibu miaka 30; ilianza kulegezwa sana mwaka 1890, ikaisha kabisa kabla ya mwaka 1900.

Wakatekumeni wanalifahamu jambo hili kuliko watu wengi. Yuko ajibuye maswali yote ya katekisimu bila kuacha neno, lakini padri akiligeuza swali kidogo tu, ulimi wake hufungwa. Kukariri si kosa, kunasaidia. Ila aliyekariri tu hajafika, na anayempima kwa kukariri tu hajampima.

Marekani: wote ni wema

Sasa tuvuke bahari. Marekani walianguka katika kosa la upande wa pili. Mwaka 2009 chama kiitwacho The New Teacher Project kilitoa taarifa juu ya wilaya 12 za shule katika majimbo 4. Kilitaka kujua wakubwa wa shule wanawapimaje walimu wao. Mahali ambapo alama zilikuwa mbili tu, yaani "anafaa" na "hafai", walimu zaidi ya 99 katika kila 100 walipewa alama ya kufaa. Mkuu wa shule aliingia darasani muda mfupi, akajaza karatasi, akatoka. Hakutaka ugomvi na mtu ambaye atakutana naye kesho yake asubuhi mlangoni.

Mtu aweza kusema, "Kuna ubaya gani? Walimu wote wamesifiwa." Ubaya ni huu: aliye hodari hakujulikana, wala hakuna aliyekwenda kujifunza kwake; aliyeanza kazi juzi, mwenye kuhitaji msaada, aliambiwa kwamba yu mzima, naye akaendelea kuumwa peke yake. Ni kama mganga awaambiaye wagonjwa wote, "Nendeni, hamna kitu." Watu watamshukuru siku ile, lakini hawatapona.

Ikaonekana kwamba kuhesabu vichwa kwa mtihani kumewaponza Waingereza, na kumsifu kila mtu hakuwasaidii Wamarekani. Ndipo mambo mawili yakashikwa kwa nguvu. La kwanza, kuandika shabaha ya mafunzo mwanzo wa mwaka. La pili, kumtazama mwalimu akifundisha, kwa utaratibu na zaidi ya mara moja.

Shabaha ya mafunzo

Mji wa Denver, katika jimbo la Colorado, ulianza mapema. Mwaka 1999 chama cha walimu na wakubwa wa shule za mji walikubaliana kufanya jaribio, ambalo mwishowe lilichukua miaka minne, katika shule kadhaa. Kila mwalimu, pamoja na mkuu wa shule yake, aliandika mwanzo wa mwaka watoto wake watafikishwa wapi, na kwa kipimo gani itajulikana kwamba wamefika. Jaribio lilipokwisha wachunguzi walisema jambo la kuangaliwa sana: pale ambapo shabaha iliandikwa vizuri kabisa, watoto walijifunza zaidi. Pale ilipoandikwa ovyo, karatasi ilibaki karatasi.

Shabaha iliyoandikwa vizuri ni ipi? Hapa tukae kidogo, kwa maana wengi hudhani kwamba kuandika "watoto wangu watajua kusoma" kwatosha. Hayo ni matumaini, si shabaha. Mpiga upinde hatupi mshale porini akasema kwamba amepata.

Tuseme mwalimu wa darasa la pili katika shule ya kijiji ana watoto 48. Juma la kwanza hawafundishi neno jipya. Anamwita kila mtoto kando, anamwonyesha habari fupi ambayo hajapata kuiona, naye anaandika katika daftari. Anakuta watoto 6 wanaisoma yote. Watoto 19 wanajikokota silabi kwa silabi, nao wakifika mwisho wamesahau mwanzo. Watoto 23 hawajui hata herufi zote. Kazi hiyo inachosha, tena jirani zake wanamcheka kwamba anapoteza siku. Lakini hakuna kazi ya mwaka ule iliyo na maana kupita hiyo, kwa sababu asiyejua safari ilianza wapi hawezi kusema amekwenda mwendo gani.

Kisha anaandika. Wale 6, mwisho wa mwaka, watasoma ukurasa mzima na kueleza maana yake kwa maneno yao wenyewe. Wale 19 watasoma habari fupi wasiyopata kuiona. Katika wale 23, walau 18 watajua herufi zote na kusoma maneno mafupi. Kwa nini 18, si wote 23? Kwa kuwa anawafahamu: wako wanaokwenda na wazazi wao mashambani majuma mengi, na yuko mmoja asiyesikia vizuri. Hao hawaachi, atawafundisha kama wenzao, lakini haandiki ahadi ya uongo. Mwisho anaandika kwamba habari itakayosomwa siku ya kupima haitatoka katika kitabu cha darasa, na kwamba mwalimu wa darasa lingine ndiye atakayesikiliza. Maneno hayo mawili ya mwisho yanafunga mlango ule walioupitia Waingereza.

Mwaka unakwisha, na shabaha imefikiwa. Watoto 25 wa darasa hili wanasoma, yaani wale 6 na wale 19. Katika shule ya mjini mwenzake ana watoto 48 vilevile, na 42 wanasoma. Mwenye kuhesabu majina atamsifu wa mjini. Lakini daftari la mwanzo lingesema kwamba darasa la mjini lilianza na wasomaji 40. Huyo amewavusha wawili. Wa kijijini amewavusha 19, na wengine 18 amewafikisha ukingoni mwa mto. Ni mfano wa lile shamba la kilimani.

Katika Kongo yetu kosa la kutotazama mwanzo laonekana wazi katika darasa la sita, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi unapofanywa. Matokeo yakitoka vibaya, mwalimu wa darasa la sita hunyooshewa kidole. Yakitoka vizuri, hubebwa mabegani. Watu husahau kwamba kabla yake watoto wale walipita kwa walimu watano. Ikiwa mtoto alifika darasa la sita hajui kugawanya, kosa hilo lina umri mkubwa kuliko mwaka mmoja.

Hata hivyo shabaha ina hila zake. Mwalimu mwenye woga ataiweka chini kabisa, apate kuiruka bila kutoka jasho. Atasema, "Watoto 10 watajua herufi," naye anajua kwamba 9 wanazijua tayari. Mwingine atatoa swali rahisi mwisho wa mwaka kuliko lile la mwanzo, aseme kwamba watoto wamepanda. Ndiyo sababu shabaha haiwi ya mtu mmoja peke yake: mkuu wa shule aisome, aulize, na akikuta ni nyepesi airudishe. Tena mwalimu mmoja asilinganishwe na mwenzake kwa shabaha alizojiandikia kila mtu. Kipimo alichokichonga mtu mwenyewe chamfaa kujirekebisha kuliko kumshinda jirani.

Kukaa nyuma ya darasa

Shabaha huonyesha mwisho wa safari, lakini haionyeshi njia. Watoto wakishindwa, haisemi kwa nini. Kwa hiyo lazima mtu aingie darasani, akae nyuma, atazame.

Atazame nini? Mwaka 1996 Charlotte Danielson, mwalimu wa Marekani, alitoa kitabu kilichoigawa kazi ya mwalimu katika sehemu nne: kutayarisha somo, hali ya darasa, kufundisha kwenyewe, na wajibu wa mwalimu nje ya somo, kama vile kutunza daftari na kusema na wazazi. Sehemu hizo nne aliziganya katika vipengele 22, na kila kipengele kina daraja nne toka hafifu hata bora sana. Wilaya nyingi zilikichukua kipimo hicho. Faida yake si hesabu ya vipengele. Faida yake ni kwamba mtazamaji na mtazamwa wanajua kabla ya somo ni mambo gani yatakayoangaliwa. Mwalimu hashtukizwi, wala mtazamaji haji na kinyongo chake cha jana.

Ila karatasi ya vipengele haitoshi kama anayeijaza hajui kutazama. Kutazama ni kuandika kilichoonekana, si kilichodhaniwa. Mtu aandikaye "Mwalimu hawajali watoto wa nyuma" ametoa hukumu, na hukumu huleta ubishi. Tazameni namna nyingine. Mwalimu mzee wa shule ya jirani amemtembelea yule mwalimu wetu wa darasa la pili. Amekaa kwenye benchi la mwisho na karatasi magotini. Somo limekwisha, watoto wametoka kucheza.

"Mwalimu, nimefurahi kukaa na watoto wako. Leo umewauliza maswali mangapi?"

"Sikuhesabu, Mzee. Labda kumi."

"Ni 14. Na watoto wa benchi mbili za mwisho wamejibu mangapi?"

Mwalimu akafikiri. "Labda matano, Mzee. Au manne."

Mzee akampa karatasi. Alikuwa amechora benchi zote, na kila mtoto aliyejibu alimtia nukta. Nukta 11 zilikuwa juu ya watoto wanne wa benchi la mbele. Tatu zilikuwa katikati. Benchi mbili za mwisho zilikuwa nyeupe.

Mwalimu akaishika karatasi ile muda mrefu. Hakuna aliyemtukana, wala aliyemwambia kwamba ni mwalimu mbaya. Baadaye akasema, "Mzee, mimi nawatazama wale walioinua mikono." Mzee akajibu, "Ndivyo. Na asiyejua haiinui."

Kisha wakashauriana. Hawakushauriana juu ya mambo kumi. Waliangalia jambo hilo moja tu, namna ya kumwita mtoto kwa jina lake bila kungoja mkono, na namna ya kumpa nafasi ya kufikiri kabla ya kumrukia mwenzake. Mzee akasema atarudi baada ya majuma matatu.

Je, jicho moja latosha? Mwaka 2009 mfuko wa Bill na Melinda Gates ulianzisha uchunguzi mkubwa uliowahusu walimu karibu 3,000 wa miji mbalimbali ya Marekani. Masomo yao yalichukuliwa kwa video, yakatazamwa na watu wengi waliofundishwa kazi hiyo. Taarifa ya mwisho ilitoka Januari 2013. Ilionyesha kwamba mtazamaji mmoja akitazama somo moja, alama yake haiaminiki sana. Kuongeza mtazamaji wa pili kulisaidia kuliko kumrudisha yule yule wa kwanza mara ya pili, kwa maana kila mtu huja na macho yake: mmoja hupenda utulivu, mwingine hupenda darasa lenye sauti. Walikuta tena kwamba kutazama somo, na maendeleo ya watoto, na maneno ya watoto wenyewe walioulizwa kwa utaratibu, yakiunganishwa huonyesha ukweli kuliko kimoja peke yake. Watoto hukaa na mwalimu mwaka mzima. Si ajabu kwamba wanajua kitu asichokijua mgeni wa saa moja.

Habari njema kupita zote zilitoka mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio. Huko mwalimu aliyefikiwa na zamu yake alitazamwa mara nne katika mwaka: mara tatu na mwalimu hodari kutoka shule nyingine, na mara moja na mkuu wa shule yake. Baada ya kila ziara alipata maandishi ya kile kilichoonekana. Wachunguzi wawili, Eric Taylor na John Tyler, waliwafuata walimu waliokwisha kufundisha miaka kadhaa, wakatoa matokeo yao mwaka 2012. Watoto wa mwalimu yule yule walipata maarifa zaidi ya hesabu baada ya yeye kutazamwa kuliko kabla, na faida hiyo ilibaki hata katika miaka iliyofuata ziara zilipokuwa zimekwisha. Katika kusoma tofauti haikuonekana. Kwa watu wasemao kwamba mwalimu wa makamo hawezi kubadilika, hilo ni jibu.

Fedha na hofu zinapoingia

Ingekuwa vema kama habari ingeishia hapo. Mwaka 2009 huo huo serikali kuu ya Marekani ilitenga dola bilioni 4.35 za kushindaniwa na majimbo. Jimbo lililotaka kushinda lilitakiwa kupima walimu kwa njia mpya, na maendeleo ya watoto yawe na uzito mkubwa katika kipimo hicho. Majimbo yakaharakisha kutunga sheria. Shabaha za mafunzo zikaenea upesi, hasa kwa kuwa walimu walio wengi hufundisha madarasa au masomo yasiyo na mtihani wa jimbo, kama kuimba, kuchora, au madarasa ya watoto wadogo. Kile ambacho Denver ilikijaribu polepole, kwa mapatano, wengine walikitia katika sheria kwa miezi michache.

Hofu hufanya nini? Mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, ulikuwa umekwisha kuonyesha. Huko shule ziliwekewa shabaha za mitihani kila mwaka, si na walimu bali kutoka juu. Waliozifikia walipewa zawadi, wasiozifikia waliogopa kuondolewa. Uchunguzi wa jimbo uliotangazwa mwaka 2011 uliona udanganyifu katika shule 44 kati ya 56 zilizochunguzwa, na watumishi 178 walitajwa. Wako waliofuta majibu mabaya ya watoto na kuandika yaliyo sahihi. Mwaka 2015 watu 11 walihukumiwa na mahakama kuwa na hatia. Wengi husema juu ya aibu ya walimu wale, nayo ni aibu kweli. Lakini mwenye hasara ni mtoto ambaye hakujua kusoma, na karatasi ikasema kwamba anajua, basi hakuna aliyemsaidia.

Hata ile karatasi ya "wote ni wema" haikufa. Mwaka 2017 Matthew Kraft na Allison Gilmour walitazama majimbo 24 yaliyobadilisha vipimo vyao, wakakuta kwamba katika mengi ya hayo walimu waliopewa alama ya chini kabisa hawakufika hata 1 katika kila 100. Wakubwa waliowapima walieleza sababu: muda hautoshi, na kumpa mtu alama mbaya kwa uso ni kazi ngumu. Daraja ziliongezwa kutoka mbili hata nne, moyo wa mkuu wa shule ukabaki ule ule.

Tena mwaka 2018 wachunguzi wa RAND walitoa taarifa juu ya kazi nyingine ya mfuko wa Gates, iliyofanywa katika wilaya tatu na vyama vinne vya shule mpaka mwaka 2016, kwa gharama ya dola milioni 575 hivi. Shule zile ziliweka vipimo vipya, na kuvitumia katika kuajiri na kulipa. Mwisho wake watoto hawakujifunza zaidi sana kuliko wenzao wa shule zilizofanana nazo. Mnamo Desemba 2015 sheria mpya ya nchi ilikuwa imekwisha kuyaachia majimbo uhuru wa kupima walimu wapendavyo.

Na Denver? Mwaka 2004 walimu walikubali kwa kura kwamba mshahara ufungamane na shabaha na mambo mengine, na mwaka 2005 wenyeji wa mji walikubali kutoa kodi ya dola milioni 25 kila mwaka kwa ajili hiyo. Lakini miaka ilivyopita malipo yaliongezewa mafundo, hata mwalimu hakuweza kujua mwaka ujao atapata kiasi gani. Februari 2019 walimu wa Denver waligoma siku tatu. Hawakugoma kwa kuchukia shabaha. Walitaka mshahara unaoeleweka, ambao mtu aweza kulipia nyumba bila kubahatisha.

Ikiwa msomaji anauliza kwa nini Cincinnati walipata faida na wengine hawakupata, jibu la hakika lote halipo. Hata Cincinnati alama ilikuwa na uzito katika kazi ya mtu. Ila huko aliyeingia darasani alikuwa mwalimu mwenzake, anayeijua kazi, aliyefundishwa kutazama, naye alirudi tena na tena. Mwalimu alionyeshwa jambo ambalo aliweza kulitengeneza kesho yake. Alama peke yake haimfundishi mtu. Mtoto akiandikiwa 4 juu ya 10 bila kuonyeshwa kosa lake, kesho atakosea vilevile. Basi kwa nini mwalimu awe tofauti?

Shule ya kijiji haina dola milioni, wala video. Ina daftari, kalamu, na mwalimu wa jirani aliye umbali wa saa moja kwa miguu. Wazazi nao wana nafasi yao. Badala ya kuuliza, "Mwalimu, wangapi wamefaulu?" waweza kuuliza, "Mwanangu alijua nini alipoingia, na sasa anajua nini?" Mwalimu aliyeandika juma lake la kwanza atafungua daftari na kujibu.

Baada ya majuma matatu yule mzee alirudi kama alivyosema. Akakaa benchi lile lile na kuchora tena. Safari hii maswali yalikuwa 16, na benchi mbili za mwisho zilijibu 6. Majibu mawili yalikuwa ya makosa, na watoto wa mbele wakacheka. Mwalimu aliwanyamazisha, akamngoja mtoto yule ajaribu tena. Watoto walipotoka, mzee alimpa mwenzake karatasi, akaulizia habari za msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha, kama sasa anazijua herufi zote.

"Bado mbili, Mzee," mwalimu akajibu, akafungua daftari lake kumwonyesha ni zipi.